Halijoto ya vimondo vinapoanguka

Halijoto ya vimondo vinapoanguka ni suala la astronomia na jiolojia linalohusu swali kama mawe yanayotoka anga-nje huwa ya moto au ya baridi yanapofika ardhini. Watu wengi hudhani kwamba kila kimondo hufika kikiwa chekundu kwa moto, kikitoa moshi na kuunguza nyasi. Hali halisi ni tofauti. Mawe mengi yenye uzito wa gramu kadhaa hadi kilogramu kadhaa hufika yakiwa na uvuguvugu, au yakiwa na halijoto karibu sawa na ya hewa, au hata yakiwa baridi. Moto unaoonekana angani hugusa uso wao wa nje tu, tena kwa sekunde chache, na huwa umezimika dakika kadhaa kabla ya jiwe kufika chini.

Suala hili lina umuhimu mkubwa katika sayansi. Kwa kuwa sehemu ya ndani ya jiwe haipati joto kali, madini, maji na kemikali zilizomo hubaki jinsi zilivyokuwa katika anga-nje. Kama vimondo vyote vingeiva hadi ndani wakati wa kuanguka, habari nyingi kuhusu chanzo cha Mfumo wa Jua zingepotea kabla ya mtu yeyote kuzisoma.

## Maneno

Katika lugha ya Kiswahili neno "kimondo" lilitumika tangu zamani kwa mwali wa nuru unaopita angani usiku na kutoweka. Siku hizi neno hilohilo hutumika pia kwa jiwe au pande la chuma lililoanguka kutoka angani, kama vile Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania. Jina moja kwa vitu viwili ni sababu mojawapo ya watu kufikiri kwamba jiwe lililo mkononi ni ule moto ulioonekana juu.

Wanasayansi hutofautisha hatua tatu:

- Meteoridi ni gimba dogo linalozunguka Jua katika anga-nje, kuanzia ukubwa wa punje ya mchanga hadi mita kadhaa.
- Kimondo kwa maana ya kwanza ni mwali unaotokea wakati meteoridi inapoingia katika angahewa ya Dunia.
- Meteoriti, au kimondo kwa maana ya pili, ni kipande kilichosalia na kufika ardhini.

Miali mingi inayoonekana usiku husababishwa na punje ndogo sana. Punje hizo huisha kabisa juu angani na hakuna kinachofika chini. Swali la joto au baridi linahusu mawe yale machache yaliyo makubwa kiasi cha kusalia.

## Halijoto kabla ya kuingia angahewa

Katika anga-nje hakuna hewa ya kupasha wala kupoza. Meteoridi hupokea joto kutoka nuru ya Jua na kulipoteza kwa njia ya mnururisho. Halijoto yake hutegemea hasa umbali wake kutoka Jua. Kwenye ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, gimba jeusi huwa na halijoto ya wastani inayokaribia sentigredi 100 chini ya sifuri. Likisogea hadi umbali wa Dunia, wastani huo hupanda na kukaribia sentigredi 5 juu ya sifuri. Upande unaotazama Jua huwa na joto zaidi, na upande wa kivuli huwa baridi zaidi, lakini mawe mengi huzunguka, hivyo tofauti hiyo hupungua.

Jiwe dogo hufuata haraka mabadiliko ya umbali kutoka Jua. Jiwe la kilogramu chache huhitaji saa chache tu ili sehemu yake ya ndani ifikie halijoto mpya. Gimba lenye upana wa mita kadhaa huhitaji siku au wiki, kwa hiyo linaweza kufika karibu na Dunia likiwa bado na baridi ya mbali katika kiini chake. Kwa sababu hiyo si kweli kwamba kila jiwe la angani lina baridi kali ndani. Hata hivyo ni kweli kwamba hakuna linaloingia angahewa likiwa la moto.

## Safari ndani ya angahewa

### Hatua ya mwali

Meteoridi huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Kwa kasi ya kilomita 20 kwa sekunde, umbali kati ya Dar es Salaam na Unguja ungevukwa kwa sekunde chache tu. Mwali huanza kuonekana kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120 hivi.

Vitabu vingi hueleza kwamba joto hili hutokana na msuguano kati ya jiwe na hewa. Maelezo hayo hayatoshi. Sababu kuu ni mgandamizo. Jiwe huenda haraka kuliko hewa inavyoweza kulipisha njia. Hewa iliyo mbele yake hubanwa ghafla, na hewa inayobanwa hupata joto, jinsi pampu ya baiskeli inavyopata joto inapotumika kwa nguvu. Mbele ya kimondo mgandamizo ni mkubwa mno, hata hewa hufikia halijoto ya maelfu ya sentigredi na kuanza kung'aa. Sehemu kubwa ya nuru inayoonekana kutoka ardhini ni nuru ya hewa hiyo pamoja na mvuke wa madini yaliyotoka kwenye uso wa jiwe.

Nishati inayohusika ni kubwa. Kilogramu moja inayosafiri kwa kilomita 20 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya megajouli 200, yaani zaidi ya mara 40 ya nishati ya kilogramu moja ya baruti ya TNT. Kiasi hicho kingetosha kuyeyusha jiwe na kuligeuza mvuke mara nyingi. Jiwe husalia kwa sababu sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda kwenye hewa na kubaki huko. Hewa iliyopata joto huachwa nyuma kama mkia, na jiwe hubaki na sehemu ndogo tu ya joto hilo.

### Kumomonyoka kwa uso

Uso wa jiwe unaotazama mbele huyeyuka. Lakini maji ya mawe yaliyoyeyuka hayatulii mahali pake. Upepo mkali huyapeperusha mara moja kama matone na mvuke, na joto lililomo huondoka pamoja nayo. Chini yake hujitokeza uso mpya ambao bado ni baridi. Nao huyeyuka na kuondolewa, na hivyo jiwe hupungua tabaka kwa tabaka. Mara nyingi sehemu kubwa ya uzito wa mwanzo hupotea kwa njia hii.

Wahandisi wa vyombo vya anga walitumia kanuni hiyohiyo. Vyombo vya Apollo vilivyorudi kutoka Mwezini vilikuwa na ngao ya joto iliyotengenezwa ili iungue na kumomonyoka polepole. Ngao ilipungua, joto likaondoka pamoja na sehemu zilizoungua, na wanaanga waliokuwa ndani walibaki salama. Kimondo hujitengenezea ngao ya namna hiyo kutoka mwili wake mwenyewe.

Tabaka la mwisho lililoyeyuka hubaki kwenye jiwe mwendo unapopungua. Hupoa na kuwa ganda jembamba, mara nyingi jeusi, lenye unene wa milimita moja au chini ya hapo. Ganda hili ni alama muhimu ya kutambua kimondo kilichoanguka karibuni. Jiwe likivunjika, rangi ya ndani huonekana kuwa tofauti, mara nyingi kijivu, bila dalili ya kuungua.

### Hatua ya giza

Kadiri jiwe linavyoshuka, hewa huwa nzito zaidi na kulipunguzia mwendo. Kwenye kimo cha kilomita 15 hadi 30 hivi kasi huwa imeshuka hadi takriban kilomita 3 kwa sekunde. Hapo mgandamizo hautoshi tena kuyeyusha uso wala kutoa nuru, na mwali huzimika. Tangu wakati jiwe lilipoanza kung'aa zimepita sekunde chache tu, kwa kawaida chini ya 10.

Kuanzia hapo jiwe haliendelei kwa kasi ya anga-nje. Huanguka kama jiwe lolote lililoachiwa kutoka juu sana. Upinzani wa hewa hulifanya lifikie kasi isiyoongezeka tena, ambayo kwa mawe mengi ya kilogramu moja au chache huwa kilomita 150 hadi 300 kwa saa. Wataalamu huita sehemu hii hatua ya giza, kwa kuwa hakuna mwanga unaoonekana. Huchukua dakika kadhaa, yaani muda mrefu kuliko ule wa mwali.

Katika dakika hizo jiwe hupita ndani ya hewa baridi sana. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 17 halijoto ya hewa kwa kawaida huwa karibu sentigredi 50 chini ya sifuri au chini zaidi. Upepo huo baridi hupiga ganda jembamba lililokuwa na joto kidogo tu lililosalia. Ganda hupoa mapema kabla ya jiwe kugusa ardhi.

## Kwa nini joto haliingii ndani

Mawe hupitisha joto polepole. Katika sekunde 10 joto hupenya milimita chache tu ndani ya jiwe la kawaida. Katika muda huohuo uso wenyewe unamomonyoka, hivyo sehemu iliyopata joto huondolewa kabla joto halijasafiri mbali. Kiazi kinachotupwa katika makaa makali na kutolewa baada ya sekunde chache huonyesha hali inayofanana na hiyo: ganda limeungua, lakini ndani bado ni kibichi na baridi.

Vimondo vya chuma ni tofauti kidogo, kwa sababu chuma hupitisha joto haraka kuliko mawe. Kimondo cha chuma kikikatwa, mara nyingi huonekana chini ya uso ukanda wa milimita kadhaa ambamo fuwele za metali zimebadilishwa na joto. Ndani zaidi ya ukanda huo mpangilio wa fuwele ni uleule uliotokea wakati chuma kilipopoa polepole kwa mamilioni ya miaka ndani ya asteroidi. Kwa hiyo kipande cha chuma kinaweza kufika kikiwa na joto zaidi kuliko jiwe lenye ukubwa sawa, lakini hata hicho hakijaiva hadi ndani.

Baada ya kufika chini, joto na baridi huendelea kugawana. Ganda likiwa na uvuguvugu na kiini kikiwa baridi, dakika chache baadaye jiwe zima huelekea kwenye halijoto moja. Kwa kuwa ganda ni jembamba na kiini ni kikubwa, mara nyingi baridi ya ndani ndiyo inayoshinda.

## Taarifa za walioshika mawe

Watu waliofika mapema mahali pa tukio wametoa taarifa zinazotofautiana.

Tarehe 14 Julai 1860 mawe yalianguka karibu na Dharamsala, kaskazini mwa Uhindi. Taarifa ya wakati huo ilisema vipande vilivyookotwa mara moja vilikuwa baridi mno, hata vidole vya walioviokota vikafa ganzi. Tarehe 4 Julai 1917 mawe yalianguka Colby katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Ingawa yalikuwa majira ya joto, iliripotiwa kwamba jiwe mojawapo lilipata tabaka la barafu nyembamba juu yake muda mfupi baada ya kuanguka. Hali hiyo hutokea mvuke wa maji uliomo hewani unapoganda kwenye kitu chenye halijoto chini ya sifuri.

Upande mwingine kuna taarifa za uvuguvugu. Tarehe 14 Machi 1881 jiwe lenye uzito wa zaidi ya kilogramu moja na nusu lilianguka kando ya njia ya reli karibu na Middlesbrough, Uingereza. Wafanyakazi wa reli waliokuwa karibu walisikia mlio wake na kulikuta ndani ya shimo. Walieleza kwamba lilikuwa na uvuguvugu kama wa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Tarehe 9 Oktoba 1992 jiwe la kilogramu 12 hivi liligonga gari lililoegeshwa Peekskill, katika jimbo la New York. Lilisemekana kuwa bado na joto kidogo, lakini halikuliwasha gari.

Mwaka huohuo, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya vimondo ilinyesha katika mji wa Mbale na maeneo yake, mashariki mwa Uganda. Gimba moja lilipasuka angani na mamia ya mawe yakatawanyika juu ya mji, mashamba na nyumba. Jiwe dogo lenye uzito wa gramu 3.6 lilipita kwenye majani ya mgomba, likapunguzwa mwendo, kisha likampiga mvulana kichwani. Hakupata jeraha kubwa. Tukio hilo linaonyesha jinsi jiwe dogo linavyofika bila kasi ya anga-nje: kama lingekuwa na sehemu ndogo tu ya kasi yake ya mwanzo, majani ya mgomba yasingeweza kulizuia. Jirani nchini Kenya, mawe yalianguka karibu na Thika tarehe 16 Julai 2011 mchana, na wakazi waliyaokota mashambani.

Tofauti kati ya taarifa hizi zina sababu kadhaa:

- Ukubwa wa jiwe: ganda la jiwe dogo ni sehemu kubwa zaidi ya uzito wake, kwa hiyo linaweza kuhifadhi uvuguvugu kwa uwiano mkubwa zaidi.
- Kuvunjika: gimba likipasuka chini sana, nyuso mpya za vipande vyake hazipiti kwenye moto kabisa.
- Halijoto ya mwanzo: njia ya gimba kuzunguka Jua huamua baridi ya kiini chake.
- Muda: jiwe linalookotwa baada ya saa moja chini ya jua kali huwa na joto la jua, kwa kuwa ganda jeusi hupokea nuru vizuri.
- Hisia za mtu: kitu chenye baridi kali huuma ngozi kwa namna inayofanana na kuungua, na mtu anayetazamia moto anaweza kueleza kwamba ameungua.

## Ushahidi wa maabara

Taarifa za mashahidi hutegemea mikono na kumbukumbu. Mawe yenyewe hutoa ushahidi ulio imara zaidi.

Jiwe ALH 84001 lilipatikana Antaktiki mwaka 1984. Asili yake ni sayari ya Mirihi: lilirushwa kutoka huko kwa pigo la asteroidi, likazunguka Jua kwa mamilioni ya miaka, kisha likaanguka Duniani miaka 13,000 hivi iliyopita. Madini yake yanatunza alama za usumaku, na alama hizo hufutika zinapopata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima alama hizo kuanzia ganda kuelekea ndani. Karibu na ganda zilikuwa zimefutika, lakini ndani zilikuwa bado zipo. Watafiti walikadiria kwamba sehemu ya ndani haikuwahi kupita sentigredi 40 tangu kabla jiwe halijaondoka Mirihi. Hiyo ni halijoto ya mchana wa joto kali katika sehemu nyingi za Dunia.

Tarehe 28 Septemba 1969 zaidi ya kilogramu 100 za mawe zilianguka Murchison, Australia. Ndani yake wanakemia walipata asidi amino za aina nyingi, zikiwemo nyingine zisizotumiwa na viumbe hai wa Dunia. Asidi amino huharibika zikipata joto la sentigredi mia chache. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba sehemu ya ndani ya mawe hayo haikupikwa.

Tarehe 28 Februari 2021 jiwe lilianguka usiku kwenye njia ya gari mbele ya nyumba katika mji wa Winchcombe, Uingereza. Vipande vilikusanywa asubuhi iliyofuata, kabla mvua haijanyesha juu yake. Madini yake yalikuwa na maji yaliyofungwa ndani tangu zamani za Mfumo wa Jua, na aina ya hidrojeni iliyomo ilifanana na ile ya maji ya bahari za Dunia. Matokeo hayo yaliunga mkono wazo kwamba asteroidi za aina hiyo zilileta sehemu ya maji ya Dunia. Ushahidi kama huo unawezekana kwa sababu tu moto wa angahewa huishia kwenye ganda.

## Magimba makubwa

Maelezo yaliyotangulia yanahusu mawe ambayo hewa huweza kuyapunguzia mwendo. Kadiri gimba linavyokuwa zito, ndivyo hewa inavyoshindwa kulisimamisha. Gimba la tani nyingi linaweza kufika ardhini likiwa bado na sehemu ya kasi yake ya anga-nje. Kasi hiyo inaposimama ghafla, nishati yake hugeuka kuwa joto mahali pa pigo.

Mpaka kati ya hali hizi mbili haukatwi kwa uzito peke yake. Umbo la gimba, mwinamo wa njia yake na uimara wa mwamba wake vina nafasi pia. Kimondo cha Hoba nchini Namibia kina uzito wa tani 60 hivi, na ndicho kipande kizito kuliko vyote vinavyojulikana Duniani. Hata hivyo hakuna kasoko linaloonekana mahali kilipo, na umbo lake la bapa linadhaniwa kuwa lilisaidia hewa kukizuia. Kimondo cha Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, Tanzania, ni pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua kabla hakijaandikwa katika kumbukumbu za kisayansi mwaka 1930. Nacho kiko mtelemkoni bila kasoko linaloonekana.

Mfano wa hali tofauti ulitokea Carancas nchini Peru, karibu na Ziwa Titicaca, tarehe 15 Septemba 2007. Eneo hilo liko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kimondo cha mawe kilifika ardhini kikiwa na kasi kubwa na kuchimba kasoko lenye upana wa mita 13 hivi. Maji ya chini ya ardhi yaliingia ndani yake, na wakazi walisema maji hayo yalichemka kwa muda. Joto la namna hiyo hutoka kwenye pigo lenyewe na halitokani na moto ulioonekana angani.

Kwa magimba makubwa zaidi swali la kushika jiwe halipo tena. Kasoko la Barringer huko Arizona, Marekani, lenye upana wa kilomita 1.2 hivi, lilichimbwa takriban miaka 50,000 iliyopita na gimba la chuma lenye upana wa mita 50 hivi. Sehemu kubwa ya chuma hicho iliyeyuka au kugeuka mvuke. Asteroidi iliyopiga Chicxulub nchini Mexico miaka milioni 66 iliyopita ilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Joto na vumbi vya pigo hilo vinahusishwa na kutoweka kwa dinosauri wasio ndege.

## Imani kuhusu moto

Imani kwamba vimondo huwasha moto ni ya zamani. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto mkubwa uliwaka Chicago, na usiku huohuo moto mwingine uliteketeza mji wa Peshtigo, Wisconsin. Mwaka 1883 mwandishi Ignatius Donnelly alipendekeza kwamba vipande vya nyotamkia Biela ndivyo vilivyosababisha moto huo. Wanasayansi hawakubali wazo hilo. Vipande vya nyotamkia ni dhaifu na huisha juu angani, na mawe yanayofika chini hayana joto la kuwasha majani. Sababu ya moto kuenea ilikuwa ukame wa muda mrefu na upepo mkali.

Mfano mwingine ni jiwe lililoanguka Sylacauga, Alabama, tarehe 30 Novemba 1954. Lilikuwa na uzito wa karibu kilogramu 4, likatoboa paa na dari, likamjeruhi mwanamke aliyekuwa amelala kwenye kochi. Nyumba haikuungua, wala blanketi lake halikushika moto. Hatari ya kimondo kidogo ni uzito na mwendo wake. Katika tukio la Chelyabinsk nchini Urusi, tarehe 15 Februari 2013, gimba la mita 20 hivi lililipuka angani na watu wapatao 1,500 wakaumia. Wengi wao walikatwa na vioo vya madirisha vilivyovunjwa na wimbi la mshtuko.

Pengine kinachoanguka si kimondo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Wakazi walisema ilikuwa nyekundu kwa moto, wakangoja ipoe. Tathmini ya awali ya Shirika la Anga la Kenya ilieleza kuwa ni sehemu ya roketi. Metali iliyotengenezwa na binadamu, ikiwa nyembamba na yenye uwazi katikati, hupata joto kwa urahisi kuliko pande la mwamba lenye kiini baridi. Kwa hiyo taarifa ya kitu kilichofika kikiwa chekundu kwa moto huwa sababu ya kuchunguza kwanza kama kweli kilikuwa kimondo.

## Kulishughulikia jiwe lililoanguka

Kwa kuwa sehemu ya ndani ya kimondo haikuguswa na moto, thamani yake ya kisayansi inategemea jinsi kinavyotunzwa katika saa za kwanza. Hakuna haja ya kukimwagia maji ili kipoe. Maji huingia kwenye nyufa, huyeyusha chumvi zilizomo na kuanzisha kutu. Sumaku nayo isitumike kukipima, kwa sababu hufuta alama za usumaku kama zile zilizosomwa katika jiwe la ALH 84001.

Inashauriwa kupiga picha ya jiwe mahali lilipo pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, kuandika mahali na saa, kisha kuliokota kwa karatasi safi ya alumini au mfuko safi bila kuligusa kwa mikono mitupu. Katazo la kuligusa halitokani na hofu ya kuungua: mafuta na jasho la vidole huchanganyika na kemikali ambazo wachunguzi hutaka kuzipima. Kipande kinaweza kupelekwa kwenye idara ya jiolojia ya chuo kikuu, makumbusho ya taifa au ofisi ya serikali ya jiolojia ili kitambuliwe.

Habari ya kwanza kuandikwa iwe halijoto ya jiwe wakati lilipookotwa, pamoja na dakika zilizopita tangu mlio au mwali. Taarifa zenye vipimo hivyo viwili bado ni chache, na mtu wa kwanza kufika ndiye pekee anayeweza kuzitoa.